Jina la Baba kwenye Kambi ya Mchangani

Mimi sikusoma. Nalisema mwanzo ili asije mtu akanisemea. Skuli niliishia darasa la tatu, na chuoni nilifika juzuu ya kumi na mbili, basi. Lakini nilipoingia Nizwa na mkoba mmoja mkononi, maji ya kujengea yalikuwa yakichukuliwa kwa punda. Miaka kumi baadaye, mtu aliyekuwa akijenga baina ya Nizwa na Bahla bila ya kunijua mimi, huyo alikuwa akikoroga simenti kwa mate. Malori matano ya maji, yote yangu, wala sikurithi hata gurudumu. Mainjinia waliosoma Misri walikuwa wakinisubiri mimi nishuke kwenye gari ndipo kazi ianze.

Basi niliposikia imefunguliwa kambi ya mapumziko kule mchangani, ukishapita Al Qabil, sikuuliza mara mbili. Vibanda vya makuti ya mtende vyenye feni na taa, bwawa la kuogelea, bembea, ngamia wa kupandisha watoto, na Msudani mmoja, mwalimu mstaafu, aliyewekwa makusudi kuwachezesha watoto asubuhi na jioni. Nikachukua vibanda viwili, Alhamisi na Ijumaa. Watu wetu hawakuwa wamezoea mambo hayo. Mtu wa kwetu akitaka kupumzika huenda shambani kwake, akatandika mkeka kando ya mfereji wa falaji chini ya mitende, akala, akalala. Mke wangu, yeye kazaliwa Tabora na kwao ni Ibra, alicheka mpaka akakaa chini.

"Jamani, baba yangu kahangaika miaka ishirini mpaka kaezeka bati," akasema. "Wewe unalipa unirudishe kwenye makuti."

"Makuti haya yana feni."

"Hata Tabora upepo ulikuwepo, bwana wee. Tena wa bure."

Sikumwambia sababu, naye hakuniuliza, maana akiijua. Sababu ilikuwa binti yangu.

Binti huyu ni wa mke wangu wa kwanza. Niliondoka Unguja mama yake ana mimba ya miezi mitano. Siku zile Unguja watu wakitoka kwa kutoroka, mtu haagi; ukiaga, huendi. Nikasema nikifika nitawaita. Nilipofika, hawakuweza kutoka. Walipoweza kutoka, mimi nilikuwa na lori la pili, kisha la tatu, kisha nikaoa hapa, nikapata watoto wawili wanaume, na kila mwaka nikisema mwakani. Nataka hili niliandike lilivyo, kwa sababu kwenye mengine yote najisifu, na ni haki yangu kujisifu. Mama yake akafariki, mtoto ana miaka sita. Akachukuliwa na mjomba wake, fundi cherehani pale mjini, mtu mpole ambaye hakujaaliwa mtoto. Mjomba ndiye aliyempeleka skuli, na alipomwandikisha alimwandikisha kwa jina lake yeye, kwa kuwa mtoto ambaye babake katoroka akiulizwaulizwa maswali, na mjomba hakutaka mtoto aulizwe kitu.

Alikuja Oman ana miaka tisa. Siku tunayokwenda kambini alikuwa kishakaa nyumbani kwangu miezi minane. Adabu alikuwa nayo, tena ilizidi. Kila asubuhi alikuja mpaka mlangoni pangu, miguu pamoja, mikono nyuma.

"Shikamoo, ami."

Ami ni ndugu wa baba, au mtu mzima yeyote unayemheshimu na hujui umwiteje. Mwenye duka la mkate alikuwa ami. Dereva wangu Mbaluchi alikuwa ami. Na mimi pia. Baba alikuwa yule wa Unguja.

Skuli ya Nizwa mwalimu wake alituletea habari kwamba likisomwa jina lake daftarini pamoja na jina langu, mtoto haitikii. Labda hasikii vizuri, alisema mwalimu. Nami, kwa akili yangu hii iliyonunua malori matano, nikampeleka kwa daktari wa masikio. Daktari akachungulia huku, akachungulia huku, akaniambia masikio ya binti yako ni mazima kuliko yako.

Sasa mwenye kambi alikuwa kanieleza kwenye simu kwamba Alhamisi, baada ya sala ya magharibi, watoto wote hupandishwa kwenye jukwaa mmoja mmoja mbele ya maikrofoni. Kila mtoto hutaja jina lake, la baba yake, la babu yake na kabila lake, kama desturi ya Waarabu ilivyo, na baba yake husimama akapigiwa makofi. Nilipolisikia hilo ndipo nilipotoa neno langu la kuja. Mwanangu hajanitaja hata mara moja. Nikasema, mbele ya watu, pamoja na watoto wenzake, atanitaja. Na akishanitaja mara moja, ya pili itakuwa nyepesi. Nilikuwa nataka kulisikia jina langu kinywani mwake, basi. Kingine chochote cha dunia nilikuwa nacho.

Na kwa kuwa mimi sijui kufanya jambo langu kimya, nikawapigia simu na wakwe zangu Ibra. Njooni Alhamisi kambini, nikawaambia. Njooni muwasikie wanangu watatu wanavyoijua nasaba yao.

Njiani niliwasomesha. Tulitoka Nizwa baada ya chai, na mpaka Bidbid, pale njia inapogawanyika ya Maskati na ya Ibra, watoto wa kiume walikuwa wakishindana kutaja babu saba bila ya kuvuta pumzi. Mdogo akimruka babu wa nne, mkubwa akimcheka. Binti alikaa upande wa dirisha, ananyamaza. Nikamtazama kwenye kioo, nikafurahi. Chuoni kwetu mtoto anayepiga makelele ndiye asiyejua. Anayenyamaza, huyo anahifadhi. Mwalimu wetu akituambia hivyo huku kashika bakora, na mimi neno la bakora sijapata kulisahau. Nikayarudia majina pole pole kwa ajili yake, mara tatu, mara nne, mpaka mke wangu akasema, "Hebu mwache mtoto atazame milima."

"Anahifadhi," nikamwambia.

"Haya," akasema mke wangu, kwa ile haya yake ya kibara ambayo haimaanishi haya.

Tukafika. Sitasema kambi haikuwa nzuri. Mchanga wa rangi ya tangawizi ulisimama nyuma ya vibanda kama ukuta, na watoto walikuwa wengi, wa Sur, wa Ibra, hata wa Maskati. Watoto wangu wa kiume walivua viatu wakapotea. Binti alikaa kwenye ngazi ya kibanda na viatu vyake miguuni. Nikavaa bukta, mimi, mtu wa makamo mwenye tumbo lake, nikaenda kumsimamia mbele.

"Twende bwawani. Mie nilikuwa nikiruka Forodhani nikaibuka mbali hata watu wakaanza kunisomea hitima. Nitakufundisha."

"Ahsante, ami. Baba kanikataza kuogelea kama hayupo."

Nilisimama pale na bukta yangu. Ningesema nini? Baba nipo? Nikaenda nikaogelea peke yangu, mizunguko sita, nikitumai ananitazama. Nilipotoka alikuwa kishaingia ndani kumsaidia mke wangu kumenya machungwa.

Wakwe walifika alasiri kwa magari mawili, na birika za kahawa, na halua, na mbuzi kishapikwa, kama kwamba tulikuwa jangwani kweli na hakuna mpishi. Mkwe wangu ni mzee mkavu, kafanya duka Tabora miaka mingi, hacheki ila kuna sababu. Tukakaa mkekani kunywa kahawa, na mimi nikamweleza habari za jukwaa, na za lori la sita nililokuwa naliwazia, na akaniachia niseme.

Baada ya magharibi Msudani akapanda jukwaani na kilemba chake kikubwa. Wanaume tulikaa kuliani, wanawake kushotoni, taa zimewashwa juu ya kamba. Watoto wakapanda. Mmoja wa Sur alitaja babu kumi na mmoja, akakosa pumzi, akamalizia kwa kukohoa, watu wakacheka wakampenda. Mwanangu mdogo akapanda, akamruka babu wa nne vilevile, lakini nani alijua isipokuwa ndugu yake? Nikasimama, nikapigiwa makofi. Mkubwa akapanda, hakukosea. Nikasimama tena. Mkwe wangu akaniambia, "Usikae, watakuchosha," na nikamwona kama kataka kutabasamu.

Ikawa zamu ya binti. Alivaa gauni la kijani alilokuja nalo kutoka Unguja, lililoshonwa na mjomba. Msudani akamshushia maikrofoni. Sauti yake haikutetemeka. Mimi nilikuwa sijui kama ana sauti nzuri vile. Akataja jina lake. Akataja jina la mjomba wake. Akataja jina la baba wa mjomba. Kisha, kwenye kabila, akataja kabila langu, kwa kuwa hilo pengine alikuwa kalisikia garini, au aliona ndilo linalotakiwa pale. Akangoja.

"Mashallah," akasema Msudani. "Baba yake yuko wapi? Asimame tumpigie makofi."

Mimi sikusimama.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Miguu ilikuwa mizima. Niliona mkwe wangu kageuka kunitazama, na shemeji zangu, na mtu mmoja wa Sur aliyekuwa kaniuliza bei ya maji mchana. Wao walikuwa wamesikia jina ambalo si langu. Nikisimama, nitakuwa nani? Mtu aliyesimama kwa jina la mtu mwengine. Nikasema moyoni, atajirekebisha. Msudani akauliza mara ya pili, taratibu zaidi, kama mtu aliyekwisha kutambua kuwa kauliza kitu kibaya. Mtoto akatazama upande wa wanaume, uso kwa uso, akapita juu yangu akaenda mbele, na nadhani alikuwa anatazama kweli, kama kwamba mjomba angeweza kuwa kaja.

Aliyesimama ni mke wangu. Alikatisha mbele ya wanaume wote na buibui lake, akapanda, akamshika mkono mtoto ambaye si wake, akashuka naye. Watu wakapiga makofi wasijue wanampigia nani.

Mkwe wangu alimaliza kikombe chake cha kahawa, akakitikisa kuonyesha ametosheka.

"Malori yako yote yanasimama ukiyaambia," akasema. "Wewe ukaambiwa simama, ukakaa."

 Wakwe wakaondoka kabla ya halua kukatwa.

Asubuhi ya Ijumaa niliamka nikamkuta binti kakaa kwenye ngazi ileile, anakung'uta mchanga kwenye viatu. Akasimama.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kaa."

Tukakaa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, mengi, mazuri.

"Umekasirika, ami?" akaniuliza yeye.

"Sikukasirika." Uongo. "Nimetaka kujua tu. Jina langu hukulishika?"

"Nimelishika." Akalitaja, langu na la baba yangu na la babu yangu, mpaka wa saba, wa nne hakumruka. Nilikuwa nimelingojea miezi minane, na akalitaja kama mtoto anayesoma hesabu ya mbili mara mbili.

"Basi kwa nini jana hukulisema?"

Akapiga kiatu kwenye ngazi, mchanga ukatoka.

"Lako wamelisema hawa," akasema, akaonyesha kwa kidevu kibanda walicholala ndugu zake. "Wao wawili. Baba hana mtoto mwengine. Nikilisema lako, lake atalisema nani?"

Nikamwambia mambo ya dini, kwamba mtoto huitwa kwa aliyemzaa, kwamba kumlea mtu ni thawabu kubwa lakini damu ni damu. Nilisema vizuri, hata shekhe asingesema vizuri kuliko hivyo.

"Najua," akasema. "Mwalimu wa chuoni alinambia."

"Sasa?"

"Hakuna sasa. Najua tu."

 Akafunga kamba za kiatu kimoja, halafu akauliza bila ya kuniangalia, "Wewe ulijua kama nimezaliwa?"

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Ulikuwa na miezi mitatu. Kuna mtu alileta barua, nikasomewa."

Akafikiri, nikamwona anahesabu kwa midomo, miezi mitatu mpaka miaka tisa.  Ningependa angesema kitu. Mtu akikutukana unaweza kumjibu, na hata dereva akikuibia dizeli unaweza kumfukuza. Lakini mtoto anayehesabu kimya utamfanya nini? Nikamwuliza kama amekunywa chai. Akasema bado. Nikaenda kumletea chai mwenyewe, kutoka jikoni, na mkate wa mofa na jibini, na akasema ahsante, na chai nikaimwaga nusu njiani kwa sababu miguu ilikuwa ikinizama mchangani.

Saa nne Msudani akapanga mashindano ya mwisho, na moja lilikuwa la kukimbia na ndimu kwenye kijiko, kijiko umekiuma kwa meno. Watoto wa Oman hawakuwa wanaujua mchezo huo. Walikimbia kama wanavyokimbia siku zote, ndimu zikawaanguka hatua ya pili. Binti yangu hakukimbia. Alikwenda, shingo imekaza, macho kwenye ndimu, kama wanavyofundishwa skuli za Unguja siku ya michezo, akawapita wote mmoja mmoja walipokuwa wameinama kuokota. Mke wangu alipiga kigelegele mpaka ngamia wakageuza shingo. Mimi niliona fahari na nikajua hapohapo kwamba fahari ile si yangu. Kuna mtu mwengine alikuwa kasimama uwanjani siku moja, na tepu ya kupimia nguo shingoni, akamwambia mtoto asikimbie.

Washindi wakaitwa mezani kupewa vyeti. Karani alikuwa kijana wa Sur, mwenye hati nzuri, na cheti kilikuwa na mistari mitatu iliyochapwa: jina, jina la baba, kabila. Foleni ikasogea. Binti akafika, akataja jina lake, karani akaliandika.

"Bint man?" karani akauliza, yaani binti wa nani.

 Mtoto akageuka, akanitafuta, akaniona. Miezi minane ile hakuwa amenitafuta kwa macho hata siku moja, na sasa alipokuwa ananitafuta alikuwa anaogopa, na mimi ndiye niliyemtia ile hofu. Nikaelewa kwamba nikimtazama kwa namna fulani tu atalisema jina langu. Kwa adabu. Atalisema pale pale, karani ataliandika kwa hati nzuri, na nitakuwa nimelipata. Na nikaelewa kwamba nikilitaja la mjomba nitakuwa nimefanya jambo ambalo dini haitaki na mkwe wangu hatanisamehe. Nikaitafuta njia ya tatu. Mimi ni mtu wa njia ya tatu, ndivyo nilivyotajirika. Barabara ikifungwa napita kwenye bonde. Hapa palikuwa hapana bonde.

Nikasogea mezani.

"Baba yake ni mimi," nikamwambia karani. "Andika kabila. Mstari wa katikati uache."

"Hauachwi wazi, ami," akasema kijana. "Cheti hakitakuwa kamili."

"Kitakuwa hivyohivyo."

"Mwenye kambi atasema nimesahau."

"Mwambie mimi nimesema."

Msudani alikuwa kasimama nyuma yake. Alinitazama, akamtazama mtoto, akamgusa karani begani. Karani akaandika kabila, akapiga mhuri, akaupulizia wino. Binti akakipokea cheti kwa mikono miwili.

Tuliondoka baada ya sala ya Ijumaa. Watoto wa kiume walilala kabla ya Ibra, wamelaliana, wana mchanga masikioni. Tulipita Ibra bila ya kusimama kwa wakwe. Mke wangu hakuniambia nisimame, na hilo nalo lilikuwa neno. Ukishapita Ibra, binti akasema kutoka nyuma, "Ami, una kalamu?"

Nikamwuliza ya nini.

"Ya hapa katikati."

Nilikuwa nayo mfukoni mwa kanzu. Nikampa kwa juu ya bega, sikugeuka. Mke wangu akatazama mbele, mikono mapajani. Nikapunguza mwendo, ili gari isimtikise mkono. Malori yakanipita yakipiga honi, mengine ya washindani wangu, nikayaacha yapite. Kwenye kioo nilimwona kaweka cheti juu ya goti, kalamu imegusa karatasi, uso kauinamisha. Akaiinua. Akaigusa tena.

Nilimwambia, "Andika utakalo." Sijui kama nilikuwa nasema kweli. Nilitaka iwe kweli.

"Ndiyo, ami."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, milima ikija na kuondoka, mpaka tukaiona Bidbid na maduka yake, na pale lazima usimame uvuke njia kubwa ya kuelekea Nizwa. Niliposimama, mkono wake mdogo ukatokea pembeni mwa bega langu na kalamu, kifuniko chake kimerudishwa.

"Umemaliza?" nikamwuliza.

"Bado," akasema. "Ahsante, ami."

Nikaipokea, nikaitia mfukoni, nikangoja njia iwe wazi.